Hesabu Mbele ya Macho Yangu

Usiku wa kuamkia safari, shangazi alinikalisha kwenye mkeka chumbani kwake Magomeni, akatia komeo mlangoni, akaniambia nimwage pesa zote. Zilikuwa dola 4,600. Zangu mwenyewe zilikuwa 1,500 tu. Zilizobaki zilikuwa za wanawake sita wa kikoba chetu, kila mmoja na kiasi chake, kila mmoja na aina ya mikoba aliyoniagiza. Kwa miaka mitano tulikuwa tunauza mikoba ya kike Kariakoo tukinunua kwa watu wa jumla, na faida kubwa ikiwabakia wao. Mwaka ule tukakubaliana mmoja wetu aende Guangzhou akachukue mzigo mwenyewe. Kura ikaniangukia mimi.

"Hesabu," shangazi akasema. Nikahesabu. "Tena." Nikarudia. Kisha akazichukua akahesabu yeye, taratibu, akiweka kila noti ya kumi upande. Alipomaliza akaniuliza, "Wenzako walipokukabidhi, mlihesabu pamoja?"

Nikamwambia wengine walinipa ndani ya bahasha, nikaona vibaya kuifungua mbele yao.

Aliniangalia kitambo. "Hiyo haya, mwanangu, iache hapahapa Magomeni."

Kwetu tumelelewa hivyo. Mtu akikupa pesa, unapokea kwa mikono miwili, unashukuru, unaitia kibindoni. Kuihesabu mbele yake ni kama kumwambia humwamini. Mgeni akilipiwa nauli haulizi imebaki kiasi gani. Ni adabu nzuri sana mtu akiwa miongoni mwa watu wanaomjua mama yake. Shangazi, ambaye amefanya biashara ya vitambaa Dubai na China tangu mimi nikiwa shule ya msingi, alikuwa na imani moja: watu wetu wengi wanaopoteza pesa ugenini hawakabwi na mtu. Wanazitoa wenyewe, kwa mkono wao, kwa sababu wana haraka, au wamechoka, au wanaona haya.

Usiku ule alizikagua noti moja moja kwenye mwanga wa taa. Tatu za dola 100 akazitoa: moja ilikuwa ya toleo la 2003, moja ina muhuri wa wino pembeni, moja imechanika kidogo kwenye kunjo. Hata Dar maduka mengi ya kubadilisha fedha hukataa noti za kabla ya 2006 au huzinunua kwa bei ya chini, na huko mbele hali ni hiyohiyo. Asubuhi tulizibadilisha tukapata zile zenye utepe wa bluu, zilizoanza kutolewa Oktoba 2013. Kama unasafiri na dola taslimu, hili lifanye wiki moja kabla, maana dirishani ugenini hakuna wa kumbembeleza.

Halafu akazigawa. Bibi zetu walifunga pesa kwenye pindo la kanga, na shangazi hajaachana na akili hiyo. Alikuwa ameshona mifuko miwili ya kitambaa cha pamba, bapa, ya kuvaliwa ndani ya nguo, mmoja wa kiunoni na mmoja wa kifuani. Sehemu kubwa ikaingia humo. Fungu lingine akalibeba yeye. Matumizi ya siku yakawekwa kwenye kipochi kidogo cha mkononi, na sharti lilikuwa moja: mfuko wa ndani haufunguliwi barabarani wala dukani. Unafunguliwa chooni au chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Anayekuona ukiingiza mkono kifuani mbele ya kaunta ameshajua pa kuanzia.

Hatukuwa na haja ya kujaza fomu za fedha, lakini nawaandikia wanaobeba zaidi. Kwetu Tanzania, mwenye fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 au zaidi anapaswa kuzitamka mpakani. China wanataka uzitamke zikizidi dola 5,000, na fedha yao wenyewe mwisho ni yuani 20,000 kwa mtu. Nimewasikia wafanyabiashara wengi Kariakoo wakiogopa kutamka wakidhani watakatwa kodi. Kutamka hakukatwi kodi. Kinachokuingiza matatani, hadi fedha kushikiliwa, ni kuficha.

Upande wa benki nilifanya mambo mawili, la tatu nikalisahau. Nilikwenda tawini kuwaarifu kwamba kadi itatumika nje, isije ikafungwa kwa kudhaniwa imeibwa. Nikabeba kadi mbili, kila moja mahali pake. Nililolisahau ni namba ya simu. Namba fupi na zile za bure za huduma kwa wateja mara nyingi hazipatikani ukiwa nje ya nchi. Unahitaji namba kamili inayoanza na +255, iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu simu yenyewe inaweza kuwa ndiyo iliyoibwa.

Tulipitia Dubai. Pale Deira nilinunua chaja, nikalipa kwa kadi, mashine ikaniuliza kama nataka kulipa kwa dirhamu au kwa shilingi ya Tanzania. Nikafurahi kuona shilingi yetu, kidole kikaelekea huko. Shangazi akanishika mkono. Ukichagua shilingi, kiwango cha kubadilishia anapanga mwenye mashine, na mara nyingi kinakuumiza. Siku zote chagua fedha ya nchi uliyopo.

*

Guangzhou ilitupokea kwa joto na unyevu kama wa Tanga. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa yale maonyesho makubwa ya biashara yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, na hoteli zilikuwa zimejaa na kupanda bei. Kijana mmoja uwanja wa ndege alitupendekezea chumba kwenye nyumba ya mtu kwa nusu ya bei ya hoteli. Nilitaka kukubali. Shangazi akakataa, na sababu yake nilikuja kuielewa baadaye. China mgeni lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike mahali anapolala. Hoteli inayopokea wageni inakufanyia hilo kaunta, ukitoa pasipoti. Ukilala kwenye nyumba ya mtu, mnapaswa kujiandikisha wenyewe, na mwenye chumba cha kificho hatakusaidia. Pasipoti nayo unatakiwa kutembea nayo. Askari wanaweza kukuomba barabarani, hasa maeneo ya Waafrika wengi. Kwa hiyo ile nafuu ya chumba unaweza kuilipia faini, au kuilipia kwa hofu siku zote unazokaa.

Usiku wa kwanza nikapata funzo jingine. Nakala ya pasipoti, ya viza na ya tiketi nilikuwa nimejitumia kwenye barua pepe, nikijua nimejilinda. Nikajaribu kuifungua kwa intaneti ya hoteli, haifunguki. Gmail na WhatsApp vimezuiwa China. Laini ya Tanzania iliyowashwa kutumika nje kwa kawaida hupenya, lakini mimi laini yangu nilikuwa nimeizima kuogopa gharama. Maana yake, kama pasipoti ingepotea usiku ule, nakala ningekuwa nayo na nisingeifikia. Na pasipoti kupotea Guangzhou si jambo dogo. Utahitaji hati ya polisi, kisha ubalozi wetu, na ukishapata hati ya kusafiria bado unaomba ruhusa ya kutoka nchini. Siku iliyofuata nilitoa nakala mbili za karatasi. Moja nikamkabidhi shangazi, moja nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Laini nayo nikaiwasha, maana bila hiyo hata zile namba za uthibitisho zinazotumwa na benki zisingenifikia.

Sasa nieleze kilichonipata Xiaobei.

Mtu wa Afrika Mashariki anayefika Guangzhou kwa biashara atafika Xiaobei. Kuna daraja la waenda kwa miguu, kuna jengo la Tianxiu lenye maduka juu kwa juu, kuna harufu ya nyama ya kuchoma na ubani, na ukisimama dakika tano utasikia Kiswahili. Asubuhi ile tulikuwa tunahitaji yuani. Shangazi alitaka twende benki, ambako unatoa pasipoti, unajaza fomu, unachukua namba na kusubiri. Akanitangulia kwenda kupanga foleni. Mimi nikabaki nyuma kununua maji.

"Dada, habari za nyumbani?"

Alikuwa kijana mtanashati, Kiswahili chake safi kabisa. Akaniuliza ninatoka wapi, akanipa pole ya safari. Benki, akasema, utakaa saa mbili, na bei yao mbaya. Yeye atanipa yuani 740 kwa kila dola 100. Nilikuwa na dola 500 kwenye kipochi. Nitasema ukweli wangu wote: sikushawishiwa na bei. Nilishawishiwa na lugha. Nilikuwa na siku tatu sielewi bango hata moja, na huyu mtu alizungumza kama kaka yangu.

Akahesabu yuani mbele yangu, 3,700, zote zikiwepo. Akanikabidhi. Nikampa dola. Kisha akasema, "Samahani dada, nadhani nimekupunja noti moja, hebu." Akazichukua, akazihesabu harakaharaka, akaongeza noti ya 100 juu kwa tabasamu, akazikunja katikati na kunirudishia. Nikashukuru. Nilijiambia, mtu mwaminifu huyu, kanirudishia hata nisichokijua. Kuzihesabu tena mbele yake kungekuwa kumvunjia heshima. Nikazitia kwenye kipochi.

Hotelini, mbele ya shangazi, zilikuwa 2,900.

Nilihesabu mara nne. Alipokuwa anaongeza ile noti moja juu, vidole vya chini vilikuwa vinatoa tisa. Mchezo wenyewe wa zamani sana, na unachezwa katika miji mingi duniani. Unafanya kazi kwa sababu ile noti ya nyongeza inamfunga mtu mdomo. Ukishatendewa wema, unaona haya kukagua.

Nikataka kwenda polisi. Shangazi akanyamaza kwanza, kisha akauliza, "Utawaambia ulikuwa unafanya nini naye?" Kubadilisha fedha za kigeni mitaani China ni kosa kisheria, kwa anayeuza na kwa anayenunua. Hapo ndipo walipo na nguvu hawa watu. Wanakuingiza kwanza kwenye jambo usiloweza kulisema kwa sauti, ndipo wanakuibia. Tangu siku ile kipimo changu ugenini ni hicho. Ofa yoyote ambayo ikiharibika siwezi kuisimulia kwa askari wa kwanza ninayemkuta, naikataa, hata kama ni ya bei nzuri, hata kama imetolewa kwa Kiswahili.

Sisemi haya ili mtu awaogope Waswahili wa Guangzhou. Wiki ileile, kijana wa Lubumbashi anayefanya kazi kwa wakala wa mizigo alituandikia kwa Kichina anwani ya hoteli, ya soko na ya ghala, akatuelekeza treni ya chini ya ardhi, na nilipomwomba atushikie pesa tukienda kula, akakataa. "Mama, mimi sishiki pesa ya mtu," alisema, na Kiswahili chake cha Katanga kilikuwa tofauti na cha yule mtanashati. "Kila mtu abebe yake." Ndiye niliyemwamini zaidi mji mzima, na nilianza kumwamini alipokataa.

*

Mikoba tuliifuata Guihuagang, Sanyuanli, masoko ya ngozi na mikoba yaliyopangana ghorofa kwa ghorofa. Kwenda huko unapita vituo vya treni ambako kila mfuko unawekwa kwenye mashine ya ukaguzi. Mfuko unaachana na mkono wako kwa sekunde kadhaa huku watu wanasukumana. Simama ng'ambo unakotokea, usiongee na simu, uupokee.

Malipo ya China yamehamia kwenye simu. Mzoefu wa lipa namba hatashangaa, ila wao wameenda mbali zaidi. Hata muuza viazi vitamu vya kuchoma ana kibandiko cha kuskani. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, na malipo yasiyozidi yuani 200 hayatozwi ada, yakizidi hapo ni asilimia 3. Mimi niliunganisha kadi moja tu, ile yenye akiba ndogo, nikaongezea salio kidogokidogo kutoka kwenye akaunti kubwa. Mtu akiipora simu, amepata chakula cha mchana tu. Noti bado zinakubalika. Benki kuu yao hairuhusu mfanyabiashara kuzikataa. Basi jifunze noti yao kubwa, ya yuani 100 nyekundu: ile namba 100 ya katikati kwenye toleo la 2015 hugeuka kutoka dhahabu kuwa kijani ukiiinamisha, na ukipapasa kola ya Mao Zedong unahisi wino umeinuka. Papasa mbele ya aliyekupa. Wachina wenyewe wanapapasa, na hakuna anayenuna.

Kisa cha teksi kilitupata jioni moja ya mvua. Nilimpa dereva noti ya 100, akageuka upande, akaguna, akanirudishia akitikisa kichwa: bandia. Wengi hutoa nyingine, na wakati mwingine ya tatu, huku dereva akibaki na noti zao nzuri na wao wakikusanya karatasi zake. Lakini baada ya Xiaobei nilikuwa nimeanza kupiga picha namba za noti kubwa kila asubuhi. Nikaifungua picha, nikamwonyesha namba ya noti yangu na ya ile aliyonirudishia. Hatukuwa na lugha. Aliangalia simu, akaangalia mbele, akanipa chenji. Mtu asiyetaka kazi hiyo ya picha alipe teksi kwa noti ndogo kamili, au kwa simu.

Mzigo tuliupata duka la ghorofa ya tatu. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, na tulielewana kwa kikokotoo na programu ya kutafsiri. Masharti yalikuwa ya kawaida ya kule: asilimia 30 ya kuanzia, 70 mzigo ukikamilika na kukaguliwa. Shangazi alisisitiza kila kitu kiandikwe kwenye daftari la duka, rangi, idadi, bei, tarehe, na jina la akaunti ya kupokelea. Nikazitoa noti za kuanzia. Yule mama akazipitisha kwenye mashine ya kuhesabia, akanionyesha namba kwenye kioo, akazitoa, akanisukumia, akanifanyia ishara ya mkono: hesabu nawe. Nilihesabu mbele yake kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila kuona haya, na yeye alisubiri akinywa chai.

Siku mbili kabla ya kumaliza malipo, ujumbe uliingia WeChat. Picha ni ya yule mama, jina ni la duka, Kiingereza cha tafsiri kilekile. Ulisema akaunti ya zamani ina ukaguzi, tulipe kwenye hii mpya, leo kabla ya saa kumi, la sivyo mzigo utakosa kontena. Moyo ulinienda mbio. Kontena la kuchangia likiondoka bila mzigo wako unasubiri lingine, na wenzangu Kariakoo walikuwa wanahesabu siku.

Shangazi hakusoma ujumbe mara mbili. Alivaa viatu. Tukapanda treni hadi Sanyuanli, tukapanda ghorofa tatu, tukaweka simu mezani kwa mama mwenye duka. Aliisoma, rangi ikambadilika. Hakuituma yeye. Mtu alikuwa amefungua akaunti yenye jina na picha yake, na sijui hadi leo alizipataje habari za mzigo wetu. Akafungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la akaunti tuliloliandika siku ya kwanza. Tulimalizia malipo pale pale, naye akituangalia.

Kama ninaruhusiwa kumwomba msomaji jambo moja, ni hili: ukiambiwa akaunti imebadilika, nenda kwa miguu. Ukiwa mbali, piga simu ya sauti kwa namba uliyoichukua mwenyewe mwanzoni, usipige ile iliyokuja na ujumbe. Mzigo uliokosa kontena bado ni mzigo wako.

*

Nilirudi Dar siku ya Alhamisi. Jumapili kikoba kilikutana nyumbani kwangu. Niliwasomea daftari mstari kwa mstari, na nilipofika Xiaobei nikasimulia yote, hata zile sehemu nilizotamani kuziruka. Yuani 800 zilitoka kwenye fungu langu. Hakuna aliyesema neno. Mmoja alinisogezea kikombe cha chai.

Kisha nikaweka katikati ya mkeka pesa zilizobaki baada ya mzigo, usafiri na hoteli, na nikawaomba wazihesabu. Wakaangaliana, wakasema hakuna haja, tunakuamini. Nikawaambia najua. Nikampa wa kwanza. Alizihesabu akiwa ameinamisha macho, akampa wa pili, hadi zikazunguka kwa wote sita na kunirudia. Zilikuwa dola 212.